Kugawana Gharama Si Kumtwika Mzazi Peke Yake

Kila muhula unapofunguliwa, mabishano yale yale hurejea katika shule za upili za Nyeri na za miji yote iliyouzunguka Mlima Kenya. Mwalimu mkuu ana daftari la madeni, mzazi ana barua ya kumkumbusha karo, naye mwanafunzi amesimama langoni na sanduku lake bila kujua kama atalala bwenini au atarejeshwa nyumbani. Serikali kwa upande wake husema kwamba imekwisha kutoa mgao, ama itautoa hivi karibuni. Mzazi humlaumu mwalimu, mwalimu huilaumu wizara, wizara huitazama Hazina Kuu, na Hazina hutaja uhaba wa fedha. Mwishoni mwa mlolongo huo anayekosa masomo ni mtoto ambaye hakutia saini mkataba wowote na mtu yeyote.

Tumezoea kuyaita mambo haya kugawana gharama. Jina ni zuri, nalo linapendeza masikioni kwa kuwa lina sauti ya ujima. Lakini yafaa tuulize, bila hasira na bila kuzunguka mbuyu: ikiwa kweli gharama zinagawanywa, masharti ya mgawanyo huo ni yapi, na yanamfunga nani?

Kugawana gharama ni ubia. Ubia wowote, hata ule wa watu wawili wanaofungua duka dogo hapa Gatitu, huwa na mambo matatu yanayofahamika tangu mwanzo. La kwanza ni kiasi ambacho kila mbia atatoa. La pili ni siku ambayo atakitoa. La tatu ni hatua itakayochukuliwa iwapo mmoja wao atashindwa kutimiza ahadi. Katika elimu ya Kenya mambo mawili ya kwanza yameandikwa kwa pande zote mbili. Jambo la tatu limeandikwa kwa upande mmoja tu. Mzazi akichelewa, mtoto wake hufukuzwa. Serikali ikichelewa, hakuna lolote linaloifika. Huo ndio upungufu tunaotaka kuuzungumzia leo, kwani hadi utakapotibiwa, neno kugawana litabaki kuwa pambo la maneno.

Hatusemi haya kwa sababu watu wa sehemu hizi hawapendi kuchangia. Historia yao yashuhudia kinyume. Katika miaka ya 1920, Mabaraza ya Wenyeji yalipoanzishwa na serikali ya kikoloni, mabaraza ya nchi ya Wagikuyu yalikubali kutoza ushuru wa ziada ili watoto wapate shule zisizotegemea wamishonari pekee. Shule ya Kagumo, iliyofunguliwa mwaka 1933, ilizaliwa katika kipindi hicho cha kiu kubwa ya elimu. Baada ya mtafaruku wa mwaka 1929 kati ya wenyeji na makanisa ya wazungu, wazazi walijitenga na kujenga shule zao wenyewe chini ya vyama vya KISA na Karing'a. Hawakuwa na ruzuku. Walikuwa na udongo, miti, mikono yao, na senti walizozipata kwa jasho. Mwaka 1939 wakafungua chuo cha walimu huko Githunguri. Serikali ya kikoloni ilikifunga chuo hicho pamoja na shule nyingi za aina hiyo baada ya kutangazwa kwa hali ya hatari mwaka 1952, na kuacha maelfu ya watoto bila mahali pa kusomea.

Uhuru ulipopatikana, moyo huo haukufa. Mwaka 1972 Taasisi ya Ufundi ya Kimathi ilianzishwa mjini Nyeri kwa harambee, wakulima wa kahawa wakiwa miongoni mwa waliochangia kutokana na mapato ya zao lao. Taasisi hiyo ilipandishwa hadhi kuwa chuo kikuu kishiriki mwaka 2007, na mwaka 2012 ikawa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi. Basi mtu asije akawafundisha wakazi wa Nyeri maana ya kuchangia. Wagikuyu husema kamũingĩ koyaga ndĩrĩ, yaani kikundi, hata kiwe kidogo, huinua kinu. Lakini kila aliyewahi kuinua kinu anajua pia kwamba mmoja akiachilia ghafla upande wake, uzito wote huwaangukia waliobaki, na wakati mwingine huwavunja miguu.

Tukumbuke jinsi mzigo huu ulivyohamishwa hatua kwa hatua. Mwaka 1974 karo iliondolewa katika madarasa manne ya kwanza ya shule za msingi, na kufikia mwisho wa mwongo huo madarasa yaliyosalia nayo yakasamehewa. Wananchi walishangilia. Hata hivyo shangwe ilipotulia, ada za ujenzi ziliingia kupitia mlango wa nyuma, na katika shule nyingi zikawa kubwa kuliko karo iliyofutwa. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, wazazi walitakiwa kujenga darasa la nane, karakana na vyumba vya sayansi-kimu, na kununua randa, misumeno na cherehani. Kisha ikaja ripoti ya Kamati ya Kamunge mwaka 1988, ikafuatwa na Waraka wa Bunge Nambari 6 wa mwaka huo huo, ambao uliifanya kugawana gharama kuwa sera rasmi. Mgawanyo ulikuwa hivi: serikali italipa mishahara ya walimu na gharama za usimamizi, nao wazazi watajenga madarasa na kununua vitabu na vifaa. Nyuma ya sera hiyo yalikuwepo masharti ya marekebisho ya uchumi yaliyosisitizwa na Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa, ambao walizitaka serikali za Afrika zipunguze matumizi yao.

Wakati wenyewe haukuweza kuwa mbaya zaidi kwa mkulima wa hapa kwetu. Mwezi wa Julai mwaka 1989 utaratibu wa viwango vya kuuza kahawa duniani ulivunjika, na bei ikaporomoka. Kahawa ndiyo iliyokuwa ikilipa karo katika vijiji vya Nyeri; mkulima alipeleka tunda kiwandani, na chama chake cha ushirika kikamsaidia kupata fedha za shule kabla ya malipo ya mwisho. Hivyo mzazi alitwikwa mzigo mpya katika mwaka ule ule ambao bega lake lilidhoofika. Desemba ya mwaka huo huo hospitali za serikali nazo zikaanza kutoza ada. Mwaka 1991 zamu ikawafikia wanafunzi wa vyuo vikuu, waliozoea kupewa posho, na migomo iliyofuata inakumbukwa hadi leo. Bodi ya mikopo ya HELB iliundwa kwa sheria mwaka 1995 ili kujaribu kuziba pengo hilo.

Matokeo yake hayakuhitaji mtabiri. Uandikishaji wa watoto katika shule za msingi, ambao mwishoni mwa miaka ya 1980 ulikuwa umefikia kiwango cha juu sana, ulipungua katika miaka ya 1990. Waliotoka kwanza walikuwa watoto wa maskini, na miongoni mwao wasichana walitangulia mahali pengi. Kamba hukatikia pembamba. Na ushahidi kwamba ni ada zilizowafukuza, wala si uvivu au ujinga wa wazazi kama ilivyodaiwa na baadhi ya viongozi, ulipatikana Januari mwaka 2003. Serikali mpya ilipofuta ada katika shule za msingi, zaidi ya watoto milioni moja waliokuwa nje walimiminika madarasani katika mwaka mmoja.

Sera hiyo ya mwaka 2003 ilikuja na hesabu iliyoeleweka. Kila mwanafunzi wa shule ya msingi alitengewa shilingi 1,020 kwa mwaka: shilingi 650 za vitabu na vifaa vya kufundishia, na shilingi 370 za matumizi mengine ya shule. Ilikuwa hatua ya heshima. Lakini mgao huo ulikaa miaka mingi bila kubadilishwa, na ulipoongezwa baadaye hadi shilingi 1,420, bei za karatasi, chaki na umeme zilikuwa zimekwisha kuupita kwa mbali. Shilingi iliyoahidiwa ilikuwa ile ile kwa jina, ila nguvu yake haikuwa ile ile. Hapa twaona njia ya kwanza ambayo mbia anaweza kuvunja ahadi bila kuonekana ameivunja: hupunguzi chochote kwenye karatasi, waacha tu gharama za maisha zikupunguzie.

Katika shule za upili, mgao wa serikali ulianza mwaka 2008 kwa shilingi 10,265 kwa kila mwanafunzi, ukafikishwa shilingi 22,244 mwaka 2018. Kwa shule za kutwa, fedha hizo zilikusudiwa kulipia masomo yote. Kwa shule za bweni, mzazi aliachiwa chakula, malazi na matumizi mengine. Mwongozo wa karo wa mwaka 2018 uliitaja Nyeri kwa jina pamoja na Nairobi, Mombasa, Nakuru, Kisumu, Thika na Eldoret, kuwa miongoni mwa miji ambayo shule zake kubwa za bweni zingeruhusiwa kumtoza mzazi hadi shilingi 53,554 kwa mwaka. Tujumlishe. Shilingi 22,244 za serikali na shilingi 53,554 za mzazi ni shilingi 75,798. Kwa maneno mengine, katika kila shilingi 10 za kumsomesha mtoto katika shule kama hizo, mzazi anatoa 7 na serikali inatoa 3, tukiacha kando mishahara ya walimu walioajiriwa na Tume ya Huduma za Walimu. Hatulaumu uwiano huo peke yake, maana bweni lina gharama zake. Tunautaja ili ijulikane ni nani mwenye hisa kubwa katika ubia huu, na ni nani asiyekuwa na sauti ndani yake.

Sasa tuitazame kalenda. Mgao wa serikali hutakiwa kutolewa kwa mafungu matatu: asilimia 50 muhula wa kwanza, asilimia 30 muhula wa pili, na asilimia 20 muhula wa tatu. Karo ya mzazi nayo hugawanywa kwa uwiano huo huo. Kwa hiyo pande zote mbili zina tarehe moja na uwiano mmoja. Chukua mfano wa shule ya kutwa yenye wanafunzi 400. Katika muhula wa kwanza kila mwanafunzi anastahili shilingi 11,122 kutoka kwa serikali, na shule nzima inastahili shilingi 4,448,800, ingawa sehemu yake hushikwa na wizara kwa ajili ya vitabu na mahitaji mengine yanayolipiwa kwa pamoja. Mwalimu mkuu hupanga bajeti yake kwa kutegemea hesabu hiyo. Walimu walioajiriwa na bodi ya shule hungoja mishahara yao hapo, kemikali za maabara hununuliwa kutoka hapo, na umeme na maji hulipiwa kutoka hapo.

Fedha zikichelewa kwa wiki sita, au zikija nusu, shule haifungi milango kwa ajili hiyo. Hukopa. Mwenye kuuza mahindi na maharagwe huombwa asubiri, vivyo hivyo mwenye kuuza kuni, na mwalimu wa bodi huambiwa avumilie mwezi mmoja zaidi. Na subira ikiisha, shule humgeukia yule mbia mwingine anayeweza kushurutishwa. Ndipo huzuka ada zisizo na jina katika mwongozo wowote: za masomo ya ziada, za motisha, za basi, za mnara wa maji. Njia ya pili ya kuvunja ahadi ni hii. Mbia mmoja huchelewa, na riba ya kuchelewa kwake hulipwa na mwenzake.

Mwezi wa Julai mwaka 2025 jambo hili lilisemwa waziwazi. Waziri wa Fedha, Bwana John Mbadi, aliiambia kamati ya Bunge ya elimu kwamba Hazina haikuwa na uwezo wa kugharimia kikamilifu shilingi 22,244 kwa kila mwanafunzi, na kwamba kilichopatikana kilikuwa karibu shilingi 16,900. Malalamiko yalipozidi, serikali iliwahakikishia wananchi kwamba elimu bila malipo ingali ipo. Tuchukue hesabu ya Waziri mwenyewe. Upungufu ni shilingi 5,344 kwa mwanafunzi mmoja. Kwa shule yetu ya wanafunzi 400 ni shilingi 2,137,600 kwa mwaka. Fedha hizo hazikuhitajika kwa anasa. Ni chaki, ni maji, ni mshahara wa mwalimu wa bodi. Nani alizilipa? Hakuna aliyeandikiwa barua. Hakuna afisa aliyerudishwa nyumbani akalete mzazi wake.

Tunatamka hili la mwisho si kwa mzaha. Mtoto ambaye mzazi wake ana deni la shilingi elfu tano huitwa kwenye gwaride, jina lake likasomwa mbele ya wenzake, akaambiwa aondoke. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, katika kifungu chake cha 29, inakataza karo ya masomo katika shule za umma. Nayo inapoziruhusu ada nyingine kwa idhini ya Waziri, inasema wazi kwamba mtoto asinyimwe kuhudhuria shule kwa sababu hakuweza kulipa ada hizo. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya lazima na isiyo na malipo. Haya ni maandishi. Lakini mwalimu mkuu asiye na fedha na asiyeweza kuidai serikali hujikuta hana silaha nyingine ila mtoto mwenyewe. Mwalimu aliyesomea kufundisha amegeuzwa mkusanya madeni, na mtoto amegeuzwa rehani.

Isitoshe, ubia huu umezidi kuchanganyika tangu ugatuzi ulipoanza mwaka 2013. Katiba iliyagawa majukumu: shule za chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini zikapewa kaunti, ilhali shule za msingi, za upili na vyuo vikuu zikabaki na serikali kuu. Hata hivyo wakazi wa wadi kama ya Gatitu na Muruguru humwendea mwakilishi wao wa kaunti kuomba basari ya mtoto wa shule ya upili, nazo kaunti zimekuwa zikitenga fedha kwa shughuli hiyo. Januari mwaka 2025 Msimamizi wa Bajeti, Bi Margaret Nyakang'o, alitoa waraka akizitaka kaunti zisitumie fedha kwa basari za namna hiyo bila kuwepo mapatano yaliyoandikwa kati ya serikali hizo mbili. Magavana walilalamika, na suala hilo likafika mahakamani. Nayo hazina ya maeneo bunge, iliyoanzishwa mwaka 2003 na ambayo imesomesha watoto wengi, ilipata pigo Septemba mwaka 2024 pale Mahakama Kuu ilipotangaza kwamba sheria yake inakiuka Katiba.

Wapo waliomshutumu Bi Nyakang'o kwamba anawanyima maskini. Sisi twaona kwamba swali lake lilikuwa la haki hata kama wakati wake uliwaudhi wengi. Serikali moja inapolipia kazi ya serikali nyingine bila mapatano, hakuna anayejua nani alaumiwe fedha zikikosekana. Mzazi hupeleka fomu mahali patatu, akapata shilingi elfu tatu hapa, elfu mbili pale, na pengine hakuna kitu. Basari imekuwa kama zawadi ya mwanasiasa, yenye picha na hotuba, badala ya kuwa haki yenye kanuni. Mtoto wa jirani apewe na mwingine aachwe, na hapana pa kukata rufaa. Kama fedha hizo zote zingeunganishwa kwa mkataba ulioandikwa kati ya kaunti na serikali kuu, zikapelekwa shuleni moja kwa moja kwa kila mhitaji, zingefanya kazi kubwa kuliko zinavyofanya zikiwa zimetapakaa.

Vyuoni nako hali ni hiyo hiyo. Kwa miaka mingi mwanafunzi aliyeteuliwa na serikali alilipa karo ya shilingi 16,000 kwa mwaka, na serikali ikaahidi kuvipa vyuo sehemu iliyobaki. Sehemu hiyo ilipungua mwaka hadi mwaka, vyuo vikazama katika madeni, na mwaka 2023 ukaletwa mtindo mpya wa ufadhili unaowapanga wanafunzi katika makundi kulingana na uwezo wa familia zao, kila kundi likiwa na kiasi chake cha ufadhili, mkopo na malipo ya nyumbani. Wazo la kwamba mwenye nacho alipe zaidi ni la busara. Lakini wanafunzi wengi walilalamika kwamba waliwekwa katika makundi yasiyolingana na hali zao, na tarehe 20 Desemba mwaka 2024 Mahakama Kuu iliamua kwamba mtindo huo unakiuka Katiba, ikitaja ubaguzi na kutoshirikishwa kwa umma. Mzozo uliendelea katika mahakama ya rufaa. Funzo ni lile lile: sehemu ya mzazi iliandikwa kwa tarakimu katika barua ya kujiunga na chuo, lakini sehemu ya serikali haikuandikiwa adhabu ya kuchelewa.

Tunajua jibu litakalotolewa. Serikali ni maskini, deni la taifa ni kubwa, walimu ni wengi na watoto wanaongezeka. Hayo ni kweli, wala hatutaki kujifanya hatuyaoni. Lakini umaskini hauondoi wajibu wa kusema ukweli. Mzazi wa kijijini akishindwa huenda kwa mwalimu mkuu, akaeleza hali yake, akaomba muda, na akatia sahihi. Serikali nayo ifanye vivyo hivyo. Ikiwa shilingi 22,244 haziwezekani, itangazwe mapema, kabla ya muhula kuanza, kiasi kinachowezekana, na Bunge likijadili mbele ya wananchi. Kudumisha tarakimu kubwa kwenye karatasi na kutuma ndogo kwenye akaunti si kugawana gharama. Ni kumdanganya mbia.

Tena hatuwezi kudai kwamba jambo hili haliwezekani katika Afrika Mashariki. Majirani zetu wa Tanzania walipofuta ada katika shule za sekondari za umma za kutwa kuanzia Januari mwaka 2016, serikali yao iliamua kuzituma fedha kila mwezi moja kwa moja kwenye akaunti za shule. Mpango wao una matatizo yake, na madarasa yaliyofurika ni mojawapo. Hata hivyo mwezi ni kipimo kifupi kuliko muhula. Fedha zikikosekana, walimu na wazazi hujua mapema wala hawangojei mwisho wa mwaka ndipo wagundue kwamba waliachwa njiani.

Kwa hivyo twapendekeza mambo manne, ambayo hayahitaji fedha nyingi kuliko zilizopo sasa. Kwanza, sheria iweke tarehe ya mwisho ya kutuma mgao wa kila muhula, na iseme kwamba katika muda wote ambao mgao huo haujafika kikamilifu, hakuna mtoto atakayerudishwa nyumbani kwa sababu ya karo. Mbia aliyechelewa hana haki ya kumwadhibu mbia mwenzake kwa kuchelewa. Pili, kila shule ibandike katika ubao wa matangazo kiasi ilichostahili, kiasi ilichopokea na siku ilipokipokea, kando ya jumla ya karo iliyolipwa na wazazi. Tatu, kiwango cha mgao kipitiwe kila mwaka kulingana na mfumko wa bei, kisingoje miaka kumi na uchaguzi mkuu. Nne, serikali kuu na kaunti ziandikiane mkataba wa basari wenye kiasi, tarehe na kanuni za kuchagua wahitaji, ili mtoto asipoteze siku za masomo akizunguka kutafuta sahihi.

Kwenu walimu, twawasihi msikubali kutumiwa kama ngao. Mnapomwita mtoto kwenye gwaride kwa ajili ya deni la mzazi, mnabeba lawama ambayo si yenu. Afadhali kumwita mzazi na kumwonyesha hesabu za shule zilivyo, ikiwa ni pamoja na sehemu ambayo haikufika kutoka Nairobi. Mzazi aliyeonyeshwa ukweli hulipa kwa moyo, na asipoweza kulipa hueleza kwa nini. Mzazi aliyefichwa ukweli hushuku wizi hata mahali pasipo wizi. Na zile ada zisizo na idhini, ambazo nyingine kwa kweli huzaliwa na tamaa wala si na upungufu, zikomeshwe na ninyi wenyewe kabla hazijakomeshwa na wakaguzi.

Kwenu wanafunzi, jifunzeni hesabu hii mngali vijana. Jueni serikali iliahidi nini kwa ajili yenu, na wazazi wenu wanatoa nini. Si aibu kuwa mtoto wa mzazi mwenye deni. Wapo wazee wa sehemu hizi waliosomeshwa kwa kilo za kahawa, kwa mbuzi waliouzwa na kwa michango ya majirani, wakaja kuwa madaktari na mahakimu. Mtakapokuwa ninyi ndio wenye kuandika sheria na bajeti, mtakumbuka jinsi ilivyokuwa kukaa nyumbani wiki mbili wenzenu wakiendelea na masomo.

Ahadi ni deni, walisema wahenga, nao hawakutenga ahadi ya mwananchi na ya serikali. Mzazi wa Nyeri hajawahi kukataa kushika upande wake wa kinu. Anachoomba ni kwamba mwenzake asiachilie bila kusema.